Bahari Moja, Taasisi Mbili: Masomo ya Uzamili ya Bayolojia ya Bahari baada ya 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, utafiti wa bahari ulioendeshwa kwa pamoja kutoka Zanzibar uligawanyika. Mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha huko Taasisi ya Sayansi za Bahari; mwaka 1979 Kenya ikaunda yake, yenye makao Mombasa. Samaki, bila shaka, hawakuarifiwa kuhusu mpaka huo. Mgawanyiko mzito zaidi ni wa lugha. Mwanafunzi wa uzamili humhoji mvuvi kuhusu kusi, kaskazi, bamvua na maji mafu, kisha huyaandika majibu katika tasnifu ya Kiingereza ambayo mvuvi huyo aghalabu hawezi kuisoma. Muhtasari wa Kiswahili ungeongeza kurasa mbili tu.