UKOMBOZI WA MWANAMKE NA SUALA LA MAVUNO: FUNZO KUTOKA UBARUKU

Wapo wenzetu, hata ndani ya safu za Chama, wanaouliza: wanawake wanataka nini tena? Hoja yao ni hii. Kura wanayo. Viti vya Bunge wanavyo. Katiba inakataza mtu kubaguliwa kwa sababu ya kuwa mwanamke. Mwaka 2010 Ndugu Anne Makinda, mzaliwa wa Njombe, alikuwa mwanamke wa kwanza kukalia kiti cha Spika, na mwaka 2022 kiti hicho kilishikwa na Ndugu Tulia Ackson wa Mbeya. Machi 2021 Ndugu Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais. Basi, wanasema, harakati za wanawake zimekwisha timiza kazi yake, na yanayodaiwa sasa ni maneno ya kuazima kutoka nchi za Magharibi.

Swali hili si la kupuuza, wala halijibiwi kwa kauli za jukwaani. Katika makala haya tutajaribu kulijibu kwa kuitazama historia, na kuitazama hali halisi ya uzalishaji mali. Tumechagua Ubaruku, katika bonde la Usangu, wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya. Ubaruku ni nchi ya mpunga, na katika jaruba la mpunga nguvu ya kila mtu huonekana wazi. Swali gumu ni jingine: baada ya mavuno, nani anayesema gunia hili ni langu?

Mzizi wa suala

Ni kosa kudhani kwamba suala la mwanamke lilizaliwa na mabibi wa Ulaya waliokuwa na nafasi ya kukaa na kusoma. Ni kweli kwamba Mary Wollstonecraft aliandika juu ya haki za wanawake huko Uingereza mwaka 1792. Lakini ni wafanyakazi waliolipa suala hili nguvu. Mwaka 1884 Friedrich Engels alieleza kwamba unyonge wa mwanamke haukuumbwa na maumbile, bali ulikua pamoja na mali ya mtu binafsi na haja ya kuirithisha. Mwaka 1910 Clara Zetkin alipendekeza Siku ya Wanawake katika mkutano wa wanawake wa kisoshalisti mjini Copenhagen. Na Machi 1917 ni wanawake wa viwanda vya nguo vya Petrograd walioingia mitaani kudai mkate, na ufalme wa Urusi ukaanguka siku chache baadaye.

Na kwa haki ya kura hatukuwa nyuma ya Magharibi. Wanawake wa Tanganyika walipiga kura kumchagua Rais wa kwanza wa Jamhuri mwaka 1962. Wanawake wa Uswisi walipata haki ya kupiga kura katika chaguzi za taifa lao mwaka 1971. Nani basi amwazime nani?

Jembe, ng'ombe na kodi

Katika Usangu ya karne ya 19, chini ya utawala wa akina Merere, utajiri ulihesabiwa kwa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa mali ya wanaume. Vita vya Wasangu na Wahehe vilikuwa pia vita vya nyara, na katika nyara hizo walikuwamo ng'ombe na wanawake. Tusiipambe historia yetu. Mwanamke alikuwa na heshima yake kama mama na kama mlimaji, lakini mali iliyompa mtu sauti ilikuwa mikononi mwa wengine.

Ukoloni haukuja kumkomboa. Kodi ya kibanda, iliyoanzishwa na Wajerumani mwishoni mwa miaka ya 1890 na kuendelezwa na Waingereza, ilimlazimisha mwanamume kutafuta fedha. Wanaume wengi wa Nyanda za Juu Kusini wakaenda katika mashamba ya mkonge na machimbo ya dhahabu ya Lupa. Aliyebaki akilima, akilea na kulisha ni mwanamke. Lakini katika daftari la serikali mlipa kodi alikuwa mwanamume, na mlipa kodi ndiye aliyehesabiwa kuwa mkulima. Hivyo mkoloni aliuchukua ubwana wa zamani akauandika katika karatasi.

Wakati huo huo kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilipanuka Usangu, hasa kwa mifereji ya Wabaluchi waliohamia huko wakati wa ukoloni. Mpunga ukawa zao la fedha. Hapa pana kanuni moja ambayo kada hana budi kuishika: zao likiwa la chungu, husimamiwa na mwanamke, zao hilo hilo likigeuka la fedha, usimamizi huhamia kwa mwanamume, lakini kazi hubaki palepale ilipokuwa.

Chama na ahadi yake

TANU ilijua tangu mwanzo kwamba bila wanawake hapangekuwa na uhuru. Kuanzia mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed aliwaandikisha wanawake kwa wingi, akipitia vikundi vyao vya ngoma mjini Dar es Salaam. Mwaka 1962 uliundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, naye akauongoza. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitamka wazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata siku za mapumziko, na kwamba wanaume wengi wa vijijini hawafikii kiwango hicho. Na katika maelezo yake ya Ujamaa Vijijini, mwaka huo huo, Mwalimu Nyerere alikiri kwamba jamii yetu ya jadi ilikuwa na kasoro hii: mwanamke aliwekwa chini ya mwanamume. Alisema ujamaa haupaswi kuirithi.

Kwa nadharia ya kijiji cha ujamaa, mazao ya shamba la pamoja yalipaswa kugawanywa kwa kila mtu kulingana na kazi yake. Nadharia hiyo ingetekelezwa kwa ukamilifu, mwanamke angepokea jasho lake kwa mkono wake mwenyewe.

Hapa hatuna budi kujikosoa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu kwa kaya, na vijiji viligawa ardhi kwa kaya. Kaya ilikuwa na mkuu, na mkuu alikuwa mwanamume, isipokuwa pale alipokuwa amekufa au ameondoka. Tuliondoa daftari la mkoloni, lakini safu ya kwanza ya daftari letu ikabaki na jina lile lile.

Ubaruku yenyewe ilikua kando ya shamba kubwa la mpunga la Mbarali. Shamba hilo lilijengwa katika miaka ya 1970 kwa msaada wa ndugu zetu wa China, likawekwa chini ya NAFCO, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula. Katika miaka ya 2000 lilibinafsishwa. Mengi yamesemwa juu ya mabadiliko hayo. Lakini kwa suala letu tuone jambo moja: shamba likiwa la umma au la mwekezaji, mwanamke aliyeinama kupandikiza miche kwa ujira wa siku amebaki kibarua. Kubadilika kwa mwenye shamba si lazima kumkomboe anayelilima.

Yaliyopatikana katika sheria

Tusidharau ushindi uliopatikana, maana ulipiganiwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa mke haki ya kumiliki mali yake na kudai sehemu ya mali iliyochumwa pamoja. Mwaka 1975 likizo ya uzazi yenye malipo ilifikishwa kwa mfanyakazi mwanamke awe ameolewa au hajaolewa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zilitamka haki sawa ya ardhi kwa mwanamke na mwanamume, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya kuwa mwanamke. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na wasiopungua watatu wawe wanawake. Zaidi ya hayo, kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi kinasema kwamba mke au mume anayetia nguvu yake katika ardhi iliyoandikwa kwa jina la mwenzake hupata haki katika ardhi hiyo. Nguvu ya kazi imetambuliwa na sheria!

Lakini ukuta una nyufa. Kanuni za urithi wa kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka binti katika daraja la tatu la urithi, na zikamnyima mjane fungu katika mali ya mumewe aliyeacha ndugu wa ukoo, kwa hoja kwamba watoto watamtunza. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba kanuni hizo zina ubaguzi, ila haikuzifuta. Wajane wawili wa Shinyanga walipeleka shauri lao mpaka Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliamua kwamba walidhulumiwa. Nao ni mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Kadhalika, mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au 14 kwa idhini ya mahakama, ni kinyume cha Katiba, na ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Serikali ilikata rufaa ikashindwa mwaka 2019. Mwaka mmoja ulipita bila marekebisho.

Katika jaruba

Sasa tuingie shambani. Tuitazame kaya ya mkulima mdogo wa Ubaruku katika msimu mmoja.

Mwanamume hutafuta trekta au pawatila, husawazisha majaruba, hushughulikia mfereji. Kazi hizi ni ngumu, hatuzibezi. Kisha miche hung'olewa kitaluni na kupandikizwa mmoja mmoja, mtu ameinama, miguu ndani ya matope kutwa nzima. Hii kwa sehemu kubwa ni kazi ya wanawake, na palizi vile vile. Mpunga ukianza kuiva, wanawake na watoto hushinda wakifukuza ndege. Huja kuvuna, kupiga, kupepeta na kuanika. Na katikati ya yote hayo kuna kuni, maji, chungu na mtoto mgongoni. Mwanamke asiye na senti huanza kupandikiza kwa ujira katika jaruba la jirani ili apate fedha ya chumvi na daftari. La kwake huchelewa.

Maji nayo ni siasa. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi huko chini kwenye hifadhi, na ugomvi wa maji ya Usangu umezidi. Zamu ya maji ikiwa usiku, ni nani anayeweza kwenda kulinda tundu la mfereji akamwacha mtoto peke yake? Na katika jumuiya ya watumiaji maji, anayetambuliwa kwanza ni mwenye jaruba. Asiye na jina katika ardhi huwa mnyonge pia katika maji.

Mwisho ni mavuno. Magunia hupelekwa mashineni, bei hukubaliwa, fedha huhesabiwa. Katika mabonde ya mpunga malalamiko haya si mageni: mpunga umeuzwa mke hajui bei, fedha imeishia kilabuni, au, baya zaidi, jasho la mke wa kwanza limekuwa mahari ya mke wa pili. Hapo sheria zote tulizozitaja huwa kimya, kwa sababu hakuna wa kuzisoma mbele ya mzani.

Madai yanayobaki

Kwa hiyo, kwa wanaouliza wanawake wanataka nini tena, jibu la Ubaruku ni hili:

Kwanza, jina. Hati ya hakimiliki ya kimila iandikwe majina ya mke na mume, na binti arithi sawa na kaka yake.

Pili, maji. Mwanamke anayelima ahesabiwe mwanachama wa jumuiya ya maji kwa kazi yake, na zamu zipangwe kwa kumzingatia.

Tatu, mavuno. Hakuna gunia litoke katika nyumba bila kauli ya wote waliolizalisha.

Nne, saa. Bomba la maji, zahanati na mahali pa kulelea watoto si anasa. Ndivyo vinavyopunguza zile saa 14. Na mwanamume naye ashike ufagio.

Tano, mwili na masomo. Msichana asiozwe, asipigwe, asifukuzwe shule. Novemba 2021 Serikali iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa ujauzito warudi darasani. Kada ahakikishe wanarudi kweli.

Kazi ya kada

Tujihadhari na makosa mawili. La kwanza ni kusema kwamba adui ni mwanamume. Adui ni utaratibu unaomfanya mtu mmoja avune alichopanda mwingine, na mkulima mwanamume anaujua utaratibu huo kwa upande wake, mbele ya mlanguzi wa mpunga. La pili ni kusema kwamba haki ya mwanamke itakuja yenyewe baada ya maendeleo. Historia tuliyoieleza inakataa. Uhuru ulikuja, vijiji vikaja, soko likaja, naye akabaki ameinama.

Tena tuseme ukweli: wengi wetu tunafaidika na utaratibu huo. Kada anayehubiri usawa barazani, kisha akauza mpunga wa mkewe bila kumshauri, amekwisha lijibu swali la wanawake wanataka nini, na jibu lake linajulikana kijijini kuliko hotuba zake. Aanze na gunia lililo ndani ya nyumba yake mwenyewe. Baada ya hapo aende katika Halmashauri ya Kijiji, ambayo kwa sheria robo ya wajumbe wake ni wanawake, aulize: katika hati za ardhi tulizotoa, ngapi zina jina la mwanamke? Mpaka jibu la swali hilo litakapokuwa haliaibishi, harakati hizi hazijamaliza kazi yake, na sisi hatujamaliza yetu.