Mifupa ya Kivu inasubiri damu ya ndugu

Mwanzoni mwa Februari 2025, siku chache baada ya waasi wa M23 kuuteka mji wa Goma, Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba maiti 2,000 zilikuwa zimeokotwa mitaani na nyingine 900 zilikuwa katika vyumba vya maiti vya hospitali. Umeme ulikuwa umekatika, majokofu yalikuwa yamezima. Wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu walizika upesi, na si kila aliyeshushwa kaburini alikuwa na jina.

Oktoba ya mwaka huohuo ikaja na kumbukumbu ambayo wachache waliiadhimisha: miaka 15 tangu kuchapishwa kwa Ripoti ya Mapping, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoorodhesha matukio 617 ya mauaji, ubakaji na uporaji mkubwa nchini Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Kurasa zake zinapita 500. Ukizisoma kutoka Goma, majina mengi hayahitaji ramani kuyapata: Kibumba, Katale, Kahindo, Mugunga, Rutshuru. Kilichokosekana ni maabara. Watu walihojiwa zaidi ya 1,200, lakini hakuna kaburi lililofunguliwa, kwa kuwa timu hiyo haikupewa kazi ya kufukua.

Kufukua Goma si kazi ndogo. Mji umekaa juu ya mawe ya volkeno, na jembe halifiki mbali. Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa mamia ya maelfu na kipindupindu kikawaangukia, watu wapatao 50,000 walifariki katika wiki chache za mwanzo. Askari wa Ufaransa walileta matingatinga ya kupasua mwamba, na maiti zikalazwa humo kwa safu, zimeviringishwa kwenye mikeka. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa 1996, kambi za wakimbizi haohao zilishambuliwa kwa silaha. Kwa hiyo, kaskazini mwa mji huu, ardhi ileile imebeba wafu wa aina mbili: walioangushwa na ugonjwa na waliouawa. Mtu akichimba msingi wa nyumba akakuta mifupa, macho matupu hayatamwambia ni wa kundi lipi. Mtaalamu atatazama kama fuvu lilipasuliwa na nyundo au risasi, kama mikono ilifungwa, kama wamelala kwa mpangilio au wametupwa ovyo. Bila hayo, kila upande utachukua kaburi hilo na kulihesabu utakavyo, na ndivyo imekuwa kwa miaka 30.

Jaribio la kwanza kubwa la kuyafungua makaburi lilikuja 1997, na kisa chake kingetosha kuwa tamthilia. Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameingia Kinshasa Mei mwaka huo. Mtu wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa akifuatilia habari za mauaji ya wakimbizi, mwanasheria wa Chile Roberto Garretón, alikuwa amekwisha kuandika mambo ambayo serikali mpya haikutaka kuyasikia, na Kabila akamkataa. Katibu Mkuu Kofi Annan akakubali kuunda timu nyingine, chini ya Atsu-Koffi Amega, aliyewahi kuwa rais wa Mahakama Kuu ya Togo. Ilifika Agosti. Wiki zikapita, miezi ikapita, wachunguzi wamekaa Kinshasa na vifaa vyao wakisubiri ruhusa. Leo waambiwe barabara si salama, kesho waambiwe waziri anayehusika hayupo.

Waliporuhusiwa hatimaye kwenda Mbandaka, waliandamwa na umati wa watu wenye hasira. Waliporudi tena, dalili zilionyesha kwamba makaburi yamekwisha kuchezewa na maiti kuondolewa. Aprili 1998 mmoja wa wachunguzi alizuiliwa na nyaraka alizokuwa nazo zikanakiliwa. Hilo ndilo lililovunja subira. Shahidi aliyesema kwa siri sasa angeweza kujulikana, na hakuna daktari wa maiti anayeweza kumlinda mtu kama huyo. Annan aliiondoa timu mwezi huohuo. Ripoti iliyofika Baraza la Usalama Juni ilisema wazi kwamba kazi haikuachwa ikamilike.

Kuvurugwa kwa kaburi kunaumiza zaidi ya kunyimwa ruhusa. Ruhusa huweza kuombwa tena, lakini mifupa ikishachanganywa na kuhamishwa, hata mtaalamu akija baada ya miaka 20 atapata vipande tu.

Mwishoni mwa 2005, walinda amani wa MONUC walikuta makaburi matatu ya halaiki Kivu Kaskazini. Ndiyo yaliyozaa wazo la Mapping. Rasimu yake, iliyolituhumu jeshi la Rwanda, ilipovujishwa kwa gazeti la Le Monde Agosti 2010, Kigali ilitishia kuwaondoa askari wake wa kulinda amani Sudan, Ban Ki-moon akapanda ndege kwenda Rwanda, na toleo la Oktoba likatoka na maneno yaliyopimwa zaidi. Majina ya watuhumiwa yalifungiwa. Daktari Denis Mukwege alipopokea Nobel mjini Oslo, Desemba 2018, alilalamika mbele ya dunia kwamba ripoti hiyo inaoza ndani ya droo huko New York.

Je, mifupa ya mashariki mwa Kongo imewahi kusema mahakamani? Imewahi, na aliyetajwa humo ni mtu ambaye Goma inamfahamu vizuri. Bosco Ntaganda aliishi hapa akiwa jenerali, akila mikahawani, huku hati ya kumkamata ikiwa imekwisha kutolewa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai tangu 2006. Machi 2013 alijisalimisha mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali.

Mauaji aliyoshtakiwa kwayo yalikuwa ya Ituri. Februari 2003, katika operesheni iliyopewa jina la «Shika na mukono», wapiganaji wa UPC, kundi lake, waliwaita Walendu kwenye mazungumzo ya amani, wakawakamata. Kisha, katika shamba la migomba nyuma ya jengo liitwalo Paradiso, kijijini Kobu, waliua watu wasiopungua 49, wakiwemo wanawake na watoto. Miaka 11 baadaye, mwaka 2014, wataalamu wa mahakama walikwenda kufukua Kobu na Sayo. Mwanaakiolojia alisoma udongo, daktari wa maiti akasoma majeraha, na mtaalamu wa vinasaba akazungumzia sampuli za mifupa na za watu waliodhaniwa kuwa ndugu. Mawakili wa utetezi waliuchokonoa ushahidi huo, kama ilivyo kazi yao. Julai 2019 Ntaganda alikutwa na hatia kwa mashtaka 18, na Novemba akahukumiwa miaka 30. Mashahidi walio hai ndio waliobeba kesi. Mifupa iliwasimamia pale walipoambiwa wanatunga.

Marekani wamefika mbali zaidi. Aprili 2018 polisi wa California walimkamata Joseph DeAngelo, askari polisi wa zamani aliyeua watu 13 katika miaka ya 1970 na 1980. Walikuwa na vinasaba vyake lakini hawakuwa na jina. Waliviingiza GEDmatch, tovuti ambako watu hutafuta mababu zao, wakapata binamu wa mbali sana, wakachora ukoo kwenda juu hadi babu wa pamoja na kushuka tena hadi kwa mtu mmoja. Tangu hapo mamia ya kesi zilizolala zimeamshwa kwa njia hiyo. Inafanya kazi kwa sababu mamilioni ya watu, wengi wao wenye asili ya Ulaya, walitema mate kwenye kichupa kwa hiari yao. Mtu wa Masisi hayumo humo, wala binamu zake.

Kwetu njia iliyo karibu zaidi ni ile ya Argentina na Bosnia. Mabibi wa Plaza de Mayo walipotafuta wajukuu walioibwa na utawala wa kijeshi, mtaalamu Mary-Claire King aliwasaidia kuthibitisha ujukuu hata pale wazazi walipokuwa wamekwisha kuuawa. Bosnia, ndugu wa waliouawa Srebrenica walitoa damu kwa wingi, na karibu watu 7,000 kati ya takriban 8,000 wamerudishiwa majina. Mfupa wa paja au jino hutoa vinasaba. Ndugu hutoa cha kulinganisha nacho. Kimoja kikikosekana, kingine hakifai kitu.

Mfano wa kukosekana hatuhitaji kuufuata mbali. Kibuye, kwenye ufuko wa Rwanda wa ziwa letu, wataalamu waliotumwa na mahakama ya Arusha ya mauaji ya kimbari ya Rwanda walifukua zaidi ya maiti 450 karibu na kanisa mapema 1996. Ushahidi wao ulisaidia katika kesi ya Clément Kayishema, aliyekuwa mkuu wa mkoa. Lakini waliotambuliwa kwa majina walikuwa wachache mno. Familia zilikuwa zimeuawa nzimanzima, hapakubaki wa kutoa damu.

Ndiyo maana ninaona kuchelewa kwetu ni kosa la wazi. Mzee wa Kibumba au Kiwanja aliye na miaka 70 leo anaweza kukutajia ukoo wake hadi babu wa tano bila kuandika popote, na damu yake ingali na jibu. Akifa, vyote viwili vinakwenda. Kuhifadhi sampuli yake hakuhitaji kufukua chochote wala kusubiri vita viishe: tone la damu kwenye karatasi maalumu, likikaushwa vizuri, hudumu kwa miaka.

Ila nani atazitunza? Katika mkoa ambao watu walinyimwa uraia na sheria ya 1981 kwa kuulizwa babu zao walitoka wapi, orodha ya vinasaba inaweza kugeuzwa kuwa kipimo cha nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Sitamlaumu mama atakayekataa kuchomwa kidole akiwa na hofu hiyo. Hazina hiyo itabidi ikae nje ya mikono ya yeyote mwenye bunduki hapa, iwe na sheria inayokataza kuitumia kwa jambo lingine lolote, na ianze na wale waliozikwa Goma Februari 2025, ambao ndugu zao bado wako hai na bado wanawatafuta.