Huyu Naye Amekuja na Kamba?

Mwezi uliopita nilikwenda Matombo, milimani Uluguru, kumsalimia bibi yangu mzaa mama. Ndani ya basi kutoka Morogoro mjini nilikaa na dada mmoja wa Kizungu, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika maendeleo ya kilimo ya kimataifa. Naam, shahada ya namna hiyo ipo. Mtu anasoma udongo, mbegu, uchumi, jinsia na takwimu, kisha anapelekwa miezi michache katika nchi ya watu kukusanya data. Anarudi kwao kuandika tasnifu, na baada ya hapo anatafuta kazi kwenye mashirika ya misaada, Umoja wa Mataifa au vituo vya utafiti. Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, lakini alikuwa mchangamfu na hakuchoka kuuliza. Tuliposhuka akaomba tuongozane, kwa kuwa kijiji alichopangiwa ndicho hicho hicho cha kwetu.

Bibi alipomwona na begi lake na makaratasi yake, hakuuliza anatoka nchi gani. Aliniuliza kwa Kiluguru, taratibu, kama mtu asiyetaka mgeni asikie: huyu naye amekuja na kamba?

Sikuelewa. Nilielewa usiku, baada ya chakula, bibi aliponisimulia. Na niliporudi Dar nikaingia maktaba kutafuta ile kamba ilitoka wapi. Jibu lilinipeleka mbali kuliko nilivyotarajia, hadi kisiwani Trinidad, katika bahari ya Karibi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza walijikuta na makoloni mengi ya nchi za joto, likiwemo Tanganyika waliyokuwa wamemnyang'anya Mjerumani, na watu wachache mno waliojua kilimo cha nchi hizo. Kijana aliyesomea ngano na ng'ombe wa maziwa kule kwao angefanya nini mbele ya muhogo? Mwaka 1922 kikafunguliwa chuo cha kilimo mahali panapoitwa St Augustine, Trinidad. Mwaka 1924 kilipewa jina kubwa zaidi, Imperial College of Tropical Agriculture. Mwaka 1925 ukaanza mpango wa ufadhili wa serikali: kijana mwenye shahada yake ya kwanza anachaguliwa, anakaa mwaka mmoja Cambridge, mwaka wa pili anaumalizia Trinidad, halafu anapandishwa meli kwenda kituo chake cha kazi. Nigeria, Gold Coast, Malaya, Uganda, Tanganyika. Kwa hiyo yule dada wa kwenye basi ana mababu wa kitaaluma wa karibu miaka 100. Hata mpangilio wa masomo haujabadilika sana, mwaka wa darasani nyumbani na muda wa kuonja joto ugenini.

Walifundishwa nini huko? Kakao, miwa, ndizi, machungwa. Magonjwa ya mimea. Kemia ya udongo, somo lililompa sifa Profesa Frederick Hardy aliyechimba na kupima udongo wa visiwa vile kwa miaka mingi. Tusiwasingizie kwamba hawakugusa habari za watu kabisa, maana uchumi ulifundishwa, na Profesa C. Y. Shephard aliuchunguza kwa kina uchumi wa kakao ya Trinidad. Lakini uti wa mgongo wa mafunzo ulikuwa zao, udongo na ugonjwa. Ng'ambo ya uzio wa chuo kulikuwa na mashamba ya miwa yaliyokatwa na wajukuu wa Wahindi walioletwa kwa mikataba kuanzia 1845. Mwezi Juni 1937 wafanyakazi wa visima vya mafuta kusini mwa kisiwa waligoma, na mgomo ukasambaa mpaka kwenye mashamba ya miwa. Mwanafunzi wa mwaka ule aliyetaka kujua kinachomkasirisha mtu wa shamba alikuwa na darasa la bure nje ya dirisha. Mtihani, hata hivyo, haukutoka huko.

Nisiwe mchoyo wa sifa. Elimu hii ya zao na ugonjwa ilizaa mambo mazuri, na mojawapo lilifanyika hapa hapa kwetu. Kwenye kituo cha Amani, Usambara, wanasayansi wa serikali ya kikoloni, Storey na Nichols, walianza katika miaka ya 1930 kuzalisha muhogo unaostahimili batobato kwa kuuchanganya na jamaa zake wa porini. Uzao wa kazi ile ulifika Nigeria na ukawa msingi wa aina za muhogo zilizosambaa baadaye sehemu nyingi za Afrika. Ukila kisamvu leo, kumbuka Amani.

Ila muhogo haubishi. Tatizo lilianza pale mtaalamu alipokutana na mwenye shamba.

Kisa cha Kongwa wengi mnakijua, basi nitakipitia haraka. Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Ikatumwa tume ya watu watatu ikiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye ekari milioni 3 na ushee kwa gharama ya pauni milioni 24. Mwaka wa kwanza zilikusudiwa ekari 150,000, zikapandwa kama 7,500. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa kama saruji, mvua ikakataa kuja kwa ratiba, mibuyu ikavunja mashine. Januari 1951 mpango ukafungwa, na pauni milioni 36.5 zikafutwa vitabuni. Wagogo waliokuwa wamekaa pale vizazi na vizazi, waliokumbuka njaa kuu ya Mtunya iliyoanza wakati wa vita ya kwanza, walikuwa na sababu zao za kufuga ng'ombe na kupanda mtama na uwele. Hakuna aliyewafanya wajumbe wa tume.

Kongwa ilikuwa hasara ya fedha ya Mwingereza. Uluguru ilikuwa habari nyingine, maana pale aliyeinama na jembe alikuwa baba yake bibi yangu.

Mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru ulianza 1950. Hofu yake haikuwa ya kubuni. Milima hii ndiyo mama wa mto Ruvu, mto ambao Dar es Salaam inakunywa maji yake mpaka leo. Miteremko ni mikali, watu walikuwa wameongezeka, na kila masika udongo ulishuka na maji. Wataalamu wa enzi ile, baada ya kuona vumbi lililofukuza wakulima Marekani katika miaka ya 1930, walikuwa wakiota mmomonyoko usiku na mchana. Dawa waliyoandika ilikuwa matuta ya ngazi: kata mteremko, utengeneze vipande vya ardhi bapa kama ngazi za nyumba, maji yasikimbie. Na usichome moto shamba. Kila kaya ikapangiwa kipimo chake cha kuchimba, na asiyechimba alipelekwa baraza la jadi akapigwa faini au kufungwa.

Hapa ndipo kamba inapoingia. Bibi alikuwa binti wa miaka kumi hivi. Anasema bwana shamba mkubwa, Mzungu, walimwona mara chache. Waliokuja kila wiki walikuwa vijana weusi, wasaidizi wake, wenye kamba na vigingi vya kupimia mstari wa tuta. Walipita juu ya kunde na mahindi ya watu, wakanyoosha kamba, wakapigilia vigingi, wakasema chimba hapa. Anawakumbuka hao kuliko yule Mzungu. Mimi nilitaka simulizi yenye mkoloni upande mmoja na sisi upande wa pili, bibi akaniharibia.

Baba yake akachimba. Na upande huu wa Matombo udongo mzuri ni utando mwembamba tu wa juu. Ukichimba tuta la ngazi unaufukia ule mzuri na kuufunua wa chini, mwekundu, usio na kitu. Bibi anasema mahindi ya msimu ule yalitoka ya manjano, mafupi kama mtoto aliyedumaa, na mama yake akawa anapanda kwa siri nje ya matuta. Upande wa Mgeta, ng'ambo ya mlima, matuta yalipokelewa na mengine yapo hadi leo, kwa kuwa kule watu walilima mboga za kuuza mjini, walikuwa na maji ya kumwagilia, na jasho la kuchimba lililipa. Mlima ni ule ule na dawa ni ile ile. Mtu aliyekaa misimu miwili kila upande akisikiliza angeujua mpaka wa dawa hiyo. Lakini mabwana shamba wakubwa walihamishwa kila baada ya miaka michache, na aliyekuja alikuta mpango umeshaandikwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo kamba haikuweza kulipima. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata mama. Wengi walilima kwa ruhusa ya ukoo mwingine, kwa masharti yanayojulikana. Sasa mtu akichimba tuta la kudumu juu ya shamba la kuazima, shamba ni la nani? Na serikali ikishapima na kuweka vigingi, haitasema kesho kwamba ni lake? Watu walikuwa na maswali hayo vichwani, na majibu yaliyokuja yalikuwa faini.

Mwezi Julai 1955 Matombo ikawaka. Watu wakakusanyika kukataa matuta, wakakabiliana na watawala wao wa jadi na polisi, risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Mwaka huo huo mpango ukaachwa. TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, haikuhitaji kutumia nguvu nyingi kueleza Uluguru kwa nini uhuru ni jambo jema.

Mwaka huo huo wa 1955, kule Trinidad, Simmonds na Shepherd walichapisha mfumo wa kuzipanga karibu ndizi zote zinazolimwa duniani kwa kuangalia asili yake kutoka kwa mimea miwili ya porini. Ni kazi kubwa, na wataalamu wa ndizi wanaitumia hadi sasa. Niliposoma tarehe hizo mbili zikiwa jirani nilisimama kidogo. Migomba nyuma ya nyumba ya bibi ilikuwa imepata majina ya kisayansi mwaka ule ule baba yake alipokuwa amejificha msituni kukwepa polisi.

Mwaka 1960 kilitoka kitabu cha Roland Young na Henry Fosbrooke kuhusu ardhi na siasa za Waluguru, kikionyesha kwamba mgogoro haukuwa wa mmomonyoko peke yake, bali pia wa nani anaitawala ardhi. Kilikuja miaka mitano baada ya mazishi. Mwaka huo wa 1960 ndipo chuo cha Trinidad nacho kilipoingizwa katika chuo kikuu cha West Indies, na kazi ya kuwaandaa mabwana shamba wa makoloni ikaisha kwa kukosa makoloni.

Kazi yenyewe, hata hivyo, haikufa. Ilibadili jina. Hugh Bunting, aliyekuwa mkuu wa utafiti wa mpango wa karanga kuanzia 1947 hadi ulipokufa, alikwenda Sudan, kisha 1956 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza. Kuanzia 1974 hadi 1982 cheo chake kilikuwa profesa wa maendeleo ya kilimo ya nchi za nje. Yaani mtu aliyeona karanga zikigoma Kongwa ndiye aliyekuja kulea vizazi vya wanafunzi wa fani hii. Robert Chambers, aliyekuwa ofisa wa utawala wa kikoloni Kenya, aliandika mwaka 1983 kitabu cha kuwahimiza wataalamu waanze na maskini wa mwisho kabisa na wajifunze kwake. Kitabu hicho kimesomwa sana na wanafunzi wa maendeleo. Yule dada alikuwa amekisoma. Alikuwa pia anaijua Kongwa, kama mfano wa darasani wa mradi ulioshindwa. Matombo hakuwahi kuisikia mpaka alipopangiwa kijiji.

Na sisi? Mwaka 1969 kilianzishwa kitivo cha kilimo Morogoro, ambacho mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Sokoine. Kipo chini kabisa ya milima hii hii. Wanafunzi wake wa uzamili nao wanapanda Mgeta na Matombo na madodoso mikononi, na bibi huwa anawauliza swali lile lile. Rangi ya ngozi haimshughulishi. Anaangalia mkononi.

Asubuhi ya pili yule dada alikuja na dodoso lake, nikawa mkalimani. Kurasa tisa. Ekari ngapi, mbegu gani, mbolea kiasi gani, magunia mangapi, nani anapalilia, nani anauza. Bibi alijibu yote kwa subira, huku anamenya muhogo. Tulipofika mwisho akanyamaza kidogo, kisha akaniambia nimuulize mgeni mbona hajauliza shamba hili ni la nani.

Nikatafsiri. Dada akafungua karatasi zake kutoka mwanzo, ukurasa baada ya ukurasa, akitafuta. Halikuwemo. Akageuza ukurasa wa mwisho upande usioandikwa, akakaa chini mkekani, na bibi akaanza kwa jina la mama yake.