Ritifaa ya Wanging'ombe na mafaili yasiyofunguka

JINA la faili lenye ritifaa, alama ya reli au ya asilimia laweza kuonekana bila kasoro katika orodha ya tovuti, lakini msomaji akilibofya huambiwa kwamba faili halipo. Faili lipo, kilichoharibika ni kiungo.

Orodha hiyo kwa kawaida hutengenezwa na seva yenyewe, pale folda inapokosa ukurasa wake wa mwanzo. Programu ya Apache, kwa mfano, huyageuza majina ipasavyo. Matatizo huanza pale fundi anapojitungia programu yake ya kuorodhesha, akayabandika majina jinsi yalivyo.

Tuchukue Mkoa wa Njombe, uliomegwa kutoka Iringa mwaka 2012. Faili liitwalo "Wanging'ombe.pdf" likitiwa katika kiungo kilichozungushiwa alama moja moja za kunukuu, kivinjari hudhani ritifaa ndiyo mwisho wa anwani, nacho huomba "Wanging". Picha ya ufukwe wa Lupingu, Ziwa Nyasa, ikipewa jina "Lupingu#2.jpg", hupatwa na balaa jingine: alama ya reli huelekeza mahali ndani ya ukurasa, hivyo yote yaifuatayo hayatumwi, na seva huulizwa "Lupingu" tu.

Dawa ni kubadilisha kila alama ya hatari katika anwani iwe asilimia ikifuatwa na tarakimu mbili za mfumo wa kumi na sita, ambao hutumia pia herufi A hadi F. Ritifaa huwa %27, reli %23, nafasi %20, alama ya kuuliza %3F, na asilimia yenyewe %25. Kazi hii ifanyike mara moja tu. Ikirudiwa, %20 hugeuka %2520 na faili hupotea tena. Ritifaa iliyopinda, ambayo programu za kuandikia hupenda kuiweka zenyewe, ni herufi nyingine kabisa: %E2%80%99 katika UTF-8.

Jina lionekanalo kwenye ukurasa lina kanuni yake: "&" huandikwa &amp; na "<" huandikwa &lt;. Hapa uzembe ni hatari zaidi, kwani mwenye ruhusa ya kupakia faili anaweza kuficha amri ndani ya jina, ikatekelezwa katika kivinjari cha kila afunguaye orodha.

Wapo mafundi wanaoshauri ritifaa ifutwe tu. Ni ushauri wa kivivu. "Ng'oa" na "ngoa" ni maneno mawili, na mkazi wa Wanging'ombe hulitafuta jina la wilaya yake kama linavyoandikwa.