Pikapu ya Kale na Fundi Wake

Mtu akisimama asubuhi kando ya barabara katika mtaa wa Bondeni, Kisiwani Mombasa, huona historia ya uchukuzi ikipita mbele ya macho yake. Hamali hupita akisukuma mkokoteni wa viazi au vitunguu. Tuktuk humpita hamali, na pikapu mpya ya dizeli huipita tuktuk bila kelele nyingi. Halafu, nyuma ya zote, husikika mngurumo wa kugongagonga ambao wazee huutambua kabla ya kuliona gari lenyewe. Ni pikapu ya Peugeot ya zamani. Rangi yake imepauka, bodi imeungwa mara nyingi, na mzigo umepita kimo cha kichwa cha dereva. Watu huitazama kwa mapenzi kuliko waitazamavyo ile mpya. Kwa nini? Jibu la swali hilo si jepesi kama lionekanavyo.

Tuanze mbali kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mombasa ilikuwa na reli nyembamba za vigari vidogo vilivyopita barabarani. Mabwana walikaa ndani chini ya kivuli, na watu wengine walisukuma kwa nyuma wakikimbia. Mizigo nayo ilikwenda kwa mabega ya mahamali, kwa punda na kwa mikokoteni. Nguvu ya mji ilikuwa nguvu ya misuli. Kila chombo kilichokuja baadaye yafaa kipimwe kwanza kwa jambo hili: kimempunguzia mwanadamu jasho kiasi gani?

Wakati huo huo, huko Ulaya, injini mpya ilikuwa imekwisha zaliwa. Rudolf Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Alisikitishwa na injini za mvuke zilizopoteza sehemu kubwa ya moto wa makaa bure. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilijaribiwa ikageuza yapata robo ya joto la mafuta kuwa kazi, kiasi ambacho injini za mvuke za siku hizo hazikukikaribia. Siri yake mwanafunzi aweza kuijaribu nyumbani. Ukijaza upepo gurudumu la baiskeli kwa haraka, pampu hupata moto mkononi, maana hewa ikikandamizwa huwa na joto. Injini ya dizeli huikandamiza hewa sana, hata mafuta yakinyunyizwa ndani huwaka yenyewe pasipo cheche ya umeme.

Injini hizo za kwanza zilikuwa nzito mno, zikafaa viwandani na melini tu. Ilipita miaka mingi kabla hazijawa ndogo za kutosha motokaa. Mercedes-Benz walionyesha gari dogo la dizeli mwaka 1936, na Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilipata injini ya dizeli mwaka 1957. Tangu hapo mkulima, mvuvi na mfanya biashara waliweza kutumia injini isiyokula mafuta mengi, yenye nguvu ya kuvuta mzigo polepole bila kuchoka.

Katika Kenya jina lililopendwa kuliko mengi lilikuwa Peugeot. Gari la aina ya 404 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki katika miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968. Magari hayo ya mashindano hayakuwa pikapu wala hayakutumia dizeli, lakini sifa zake ziliwashukia ndugu zake wachukuzi. Mwaka 1963 na mwaka 1968 ni magari saba tu yaliyofika mwisho kila mara, kwa ubaya wa njia, na mnunuzi aliyeliona gari la Peugeot likitoka katika matope yale hakuhitaji tangazo jingine. Tena magari yalianza kuunganishwa hapa hapa nchini. Kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kilianzishwa Mombasa mwaka 1975. Pikapu ya 404 iliendelea kutengenezwa Kenya hata mwaka 1991, miaka mingi baada ya Ufaransa kuiacha, na ya 504 ikaifuata. Pikapu hizo zilibeba yapata tani moja kwa sheria, na zaidi ya hapo kwa tamaa ya wenyewe. Nyingine zilitiwa mabenchi na turubai zikawa matatu.

Sasa nitaeleza nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa mtoto, miaka ya mwisho ya 1990, mjomba wangu alikuwa na pikapu ya dizeli kuukuu, akileta nazi mjini kutoka Mtwapa. Jioni moja aliiacha tangi ikauka, na injini ikazimika karibu na Daraja la Nyali. Alitia dizeli, lakini haikuwaka. Akaitwa fundi wa mtaani kwetu, mzee asiyejua kusoma.

"Shikamoo, mzee," nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hebu nishikie taa, nawe utazame."

Alilegeza nati moja, akasukuma pampu ndogo kwa kidole gumba. Mafuta yalitoka na povu, kisha povu likapungua, kisha likaisha. "Umeona?" aliniuliza. "Lilikuwa limemeza hewa. Dizeli na hewa hazipiti njia moja." Aliikaza nati, na mjomba akaliwasha. Kazi yote haikuchukua robo saa, na chombo chake kilikuwa spana moja. Usiku ule nilielewa injini kwa mara ya kwanza, na mwalimu wangu alikuwa mtu ambaye hakupata kukaa darasani.

Hapo ndipo lilipo pendo la magari ya kale. Ndani yake mlikuwa na pampu, mabomba, nozeli na vyuma, na kila kimoja kilionekana kwa jicho na kushikwa kwa mkono. Kikiharibika, fundi wa Bondeni alikifungua, akakisafisha, au akachonga kingine. Elimu ya gari ilikaa mtaani pamoja na gari.

Lakini dunia haikungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya biashara, na magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi katika bandari ya Kilindini. Yalifaa kwa urahisi, kwa kuwa Wajapani, kama sisi, huendesha upande wa kushoto wa barabara. Tangu mwaka 1997 ulienea pia mfumo mpya wa dizeli. Mafuta huwekwa tayari katika bomba moja la pamoja kwa mkandamizo mkubwa mno, ambao katika injini za sasa waweza kufika mara 2,000 ya ule wa hewa tunayopumua, na kompyuta huamua yanyunyizwe lini na kiasi gani. Injini za namna hiyo hutoa nguvu zaidi kwa mafuta machache na kwa moshi mdogo. Nazo hutaka mafuta safi. Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mwaka 2013, na tangu Januari 2015 dizeli ya Kenya haipaswi kuwa na kiberiti zaidi ya sehemu 50 katika milioni.

Mwenye kusifu ya kale na aseme ukweli wote. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa dizeli miongoni mwa vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Katika njia nyembamba za Mji wa Kale moshi huo hauna pa kwenda ila madirishani. Pikapu za zamani hazikuwa na mifuko ya hewa ya kumkinga dereva, na watu waliokaa nyuma juu ya magunia hawakuwa na kinga yo yote. Ikiwa ya kale ni dhahabu, dhahabu hiyo ina taka ndani yake. Wala kipya hakisifiwi kwa upya wake tu. Wahenga walituonya kwamba kipya kinyemi kingawa kidonda.

Basi tusidanganyike juu ya kitu tunachokililia. Hatulilii moshi, wala usukani mzito, wala springi zilizotuvunja viuno. Twalilia siku ambazo mtu wa kawaida aliweza kufungua chombo alichokitegemea akakielewa. Hasara hiyo ni ya kweli, kwa maana mji unaotumia vyombo usivyovielewa hulipa kila mara kwa watu wa mbali. Hata hivyo hasara hiyo yaweza kurudishwa. Mafundi vijana wa leo huchomeka kidude chini ya usukani, wakasoma makosa ambayo kompyuta ya gari imeyaandika. Yule mzee alisoma povu. Hawa husoma tarakimu. Tofauti ni kwamba povu lilimfunza hata mtoto aliyeshika taa, lakini tarakimu hazimfunzi ila aliyekwisha jifunza hesabu, fizikia na lugha.

Pikapu za kale zitazidi kupungua, kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililotimiza zaidi ya miaka minane, na zilizobaki zinaliwa na chumvi ya bahari. Siku moja mngurumo ule hautasikika tena Bondeni. Mwanafunzi asiuombee udumu. Na aombe, na kufanya bidii, kwamba gari jipya likizimika usiku karibu na daraja, apatikane mtu wa mtaa huu wa kulifungua, na mtoto wa kumshikia taa.