Gari la Hitler ni Lipi? Mercedes Mbili na Kadi Zilizopotea

Kati ya mwaka 1930 na 1943 kiwanda cha Daimler-Benz cha Ujerumani kilitengeneza gari la kifahari lililoitwa 770, na wenyewe wakalipa jina la Grosser, yaani lile kubwa. Injini yake ilikuwa na mitungi minane iliyopangwa kwa safu moja, yenye ujazo unaokaribia lita 7.7, na lilijengwa kwa ajili ya watu wachache mno. Toleo la kwanza lilifikia magari 117, la pili 88, basi. Mfalme Hirohito wa Japani alikuwa nayo kadhaa. Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani aliyepinduliwa, alinunua moja akiwa uhamishoni Uholanzi. Toleo la pili, lililoanza mwaka 1938, ndilo lililotumika kwa gwaride na mapokezi ya serikali ya Nazi: gari la wazi, refu kupita kiasi, lenye kiti cha mbele kinachokunjwa ili kiongozi asimame kando ya dereva na kuonwa na umati. Vita vilipokwisha, karibu kila moja lililoibuka popote duniani lilipewa jina moja tu, gari la Hitler. Makala haya yanashikilia kwamba jina la mwenye gari halina thamani yoyote mpaka lithibitishwe na namba ya chasisi na karatasi za kiwandani, na kwamba mtu anayepata faida kutokana na jina hilo ndiye wa mwisho kuaminiwa anapolitamka.

Ushahidi wa kwanza unatoka Chicago. Mwaka 1948 mfanyabiashara wa mji huo, Christopher Janus, alipokea kutoka Sweden gari la 770 la wazi, alilopewa na kampuni moja ya huko badala ya fedha za kulipia shehena ya beringi. Aliambiwa ni gari la Hitler, naye akalitangaza hivyo. Magazeti yalilipokea kwa vichwa vikubwa vya habari, watu wakajipanga kulitazama mji baada ya mji, na fedha za viingilio zikachangia shughuli za hisani. Mwaka 1973 gari hilohilo lilipigwa mnada Scottsdale, jimboni Arizona, likanunuliwa kwa dola 153,000, bei ambayo hakuna gari lililokuwa limewahi kuifikia mnadani wakati ule. Lakini umiliki wake ulipofuatiliwa hatua kwa hatua, njia haikuishia mlangoni kwa Hitler. Iliishia Finland. Gari hilo lilikuwa zawadi ambayo Hitler alimpelekea Carl Gustaf Mannerheim, mkuu wa majeshi ya Finland, mwezi Desemba 1941, wakati nchi hizo mbili zilipokuwa zikipigana na Urusi ya Kisovieti upande mmoja. Mannerheim alilitumia, akawa rais mwaka 1944, akaitoa nchi yake vitani, na baada ya vita gari likauzwa likavuka kwenda Sweden. Kwa robo karne Wamarekani walilipa viingilio, na mwishowe maelfu ya dola, kutazama na kumiliki kiti alichokalia mtu mwingine.

Mtu anaweza kusema tofauti hiyo ni ndogo, kwamba kama aliyelitoa zawadi ni Hitler basi jina lake linahusika. Siyo ndogo. Gari la Mannerheim lina historia yake nzito: ni kumbukumbu ya taifa dogo lililojikuta kati ya madola mawili makubwa, na ya namna zawadi inavyotumika kumfunga mshirika. Miezi sita tu baada ya gari kufika, Hitler mwenyewe alisafiri hadi Finland, tarehe 4 Juni 1942, kumpongeza Mannerheim kwa kutimiza miaka 75. Yote hayo yalifutwa na bango moja la maonyesho. Uongo kuhusu umiliki haukuongeza tu jina lisilohusika, ulimwondoa mwenye gari halisi katika habari yake mwenyewe.

Gari la pili lilikwenda kinyumenyume. Mapema Mei 1945, askari wa Jeshi la Marekani walilikuta juu ya behewa la treni lisilo na paa huko Laufen, mji mdogo wa mpakani jirani na Salzburg. Sajenti Joe Azara ndiye aliyeliteka. Wakaambiwa ni la Hermann Göring, mmoja wa wakuu wa utawala wa Nazi, na habari ikakubalika kwa urahisi kwa sababu Göring mwenyewe alijisalimisha kwa Wamarekani katika eneo hilohilo la Alps siku chache baadaye. Likasafirishwa kwenda Marekani, likazungushwa kuhamasisha wananchi wanunue hati fungani za serikali, kisha likawekwa kwenye ghala la jeshi huko Aberdeen, Maryland. Mwaka 1956 jeshi liliamua halilihitaji tena na kuliuza mnadani kwa dola 2,725. Likaingia Kanada, likapita mikononi mwa wamiliki binafsi, na mwaka 1970 likawa mali ya Jumba la Makumbusho ya Vita la Kanada, mjini Ottawa. Bado lilikuwa linaitwa la Göring.

Aliyelibadilisha jina hakuwa mpiga mnada wala mkusanyaji wa magari. Alikuwa mkutubi wa jumba hilo, Ludwig Kosche, mtu aliyeona kwamba maelezo ya gari hayakuwa na mzizi akaamua kuutafuta. Alifuata njia ambayo mtu yeyote anayenunua gari la mkononi anaijua, ila yeye aliifuata kwa subira ya mtafiti: namba ya chasisi kwanza, kisha kumbukumbu za kiwanda kuonyesha namba hiyo ilikwenda kwa nani, kisha namba ya usajili, kisha picha za zamani za gari lenyewe likiwa barabarani. Majibu hayakuja kwa mara moja, na kiwanda hakikuwa na hamu ya kukumbushwa wateja wake wa miaka ile. Mwisho ilithibitika kwamba gari lilikabidhiwa mwezi Julai 1940 kwa Ofisi ya Kansela mjini Berlin, likaingia katika kundi la magari aliyoyatumia Hitler. Kosche alichapisha matokeo yake mwaka 1982. Kwa hiyo gari lililotangazwa kuwa la Hitler halikuwa lake, na lile ambalo hakuna aliyelitangaza hivyo ndilo alilolipanda.

Hata hapo usahihi unadai jambo moja zaidi. Gari la Ottawa halikuwa mali binafsi ya Hitler. Liliagizwa na ofisi ya serikali na kukaa katika gereji ya serikali. Wasomaji wa Afrika Mashariki, ambako wakubwa waliitwa wabenzi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, hawahitaji kuelezwa jinsi gari la umma linavyogeuka kuwa la mtu machoni pa watu. Hata hivyo mtafiti lazima atenganishe mmiliki na abiria. Gari la sherehe hulipiwa na hazina, huendeshwa na mwajiriwa, hupandwa na mkubwa, na siku dola inapoanguka huchukuliwa na aliyeshinda.

Hoja nzito dhidi ya msimamo wangu, kwamba anayefaidika na jina ndiye wa mwisho kuaminiwa, ni kwamba taasisi za umma nazo zilikosea. Ni kweli. Jeshi la Marekani lilibeba jina la Göring kwa miaka kumi na moja, na jumba la Ottawa likalirithi bila kuuliza. Lakini tazama kosa liligunduliwa wapi: ndani ya jumba lenyewe, na mtumishi aliyeruhusiwa kuchimba na kuchapisha alichokipata. Ndiyo maana nasema umiliki wa umma peke yake hautoshi, unahitaji milango iliyo wazi kwa watafiti. Hoja ya hisani, kwamba maonyesho ya Janus yalisaidia wahitaji, naiheshimu, ila msaada huo ungeweza kupatikana kwa jina la kweli, na jina la Mannerheim lingewafundisha watu kitu. Wapo pia wanaotaka magari haya yapondwe yawe chuma chakavu. Uchungu wao unaeleweka, hasa kwa waliopoteza ndugu. Lakini gari lililopondwa haliwezi kupimwa tena, na pasipo kitu cha kupima kila mwenye 770 nyingine atadai analo lile lenyewe.

Bei ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Mwaka 2000 uongozi wa jumba la Ottawa ulifikiria kuliuza gari hilo, kwa matarajio ya mamilioni ya dola ambayo yangesaidia kazi nyingine za makumbusho. Umma ulipinga, wengi wakihofia lisije likaangukia mikononi mwa wanaomtukuza Hitler, na mpango ukaachwa. Januari 2018, huko huko Scottsdale, 770 nyingine iliyonadiwa kwa jina la Hitler ilifikia dau la dola milioni 7 na mwenyewe akakataa kuiuza kwa kuona ni kidogo. Kutoka dola 2,725 hadi milioni saba zilizokataliwa, chuma ni kilekile na injini ni ileile. Kilichopanda ni jina, na jina linapokuwa na bei hiyo mwenye gari ana kila sababu ya kuficha karatasi zisizompendeza. Jumba la Ottawa halina sababu hiyo, na uamuzi wa kutoliuza gari lile ulikuwa sahihi. Ubaki hivyo, na kumbukumbu alizokusanya Kosche ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuzisoma.