Kutoka foni mpaka simu: hesabu za duka zetu

Wandugu, vijana wanauliza kila mara: juu ya nini wazee wa duka wangali wanashika kaye, na simu iko mfukoni? Jibu ni la zamani kidogo.

Kabla ya simu kulikuwa foni. Waya juu ya mti, batri ya gari chini, ndiyo ilikuwa mashini ya kwanza ya biashara huku kwetu. Wakati wa vita vya 1998 mpaka 2003, mtu aliita Bukavu kwa foni kuuliza bei ya zahabu, chumvi na sabuni. Makuta nayo yalipita hapo: unaweka pesa kwa mwenye foni mjini, anaita mwenzake, mzee wako analipwa kijijini. Karatasi haikusafiri. Ni neno tu lililosafiri, na kila mwenye foni jirani alisikia! Ndiyo maana watu walisema kwa mafumbo.

Wenzetu wa Nyarugusu na Lugufu walirudi na ujuzi mwingine. Meli za kurudisha wakimbizi kutoka Kigoma mpaka Baraka zilianza Oktoba 2005. Lugufu ikafungwa 2009. M-Pesa ilianza Kenya 2007, Tanzania 2008, kwa hiyo waliochelewa kurudi walikuwa wameshaiona. Kongo tulingoja mpaka 2012. Ilipokuja ilikubali dola na franka, na hapo ikatufaa, maana zahabu inahesabiwa kwa dola, sombe kwa franka.

Na kompyuta? Mwisho wa 2013 mgodi wa Namoya ulitoa zahabu yake ya kwanza ya kiwanda. Sekretaria zikapata kazi: kompyuta moja, mashini ya fotokopi, jenereta ndogo inayokunywa mafuta kama mlevi. Kwa maoni yetu, kompyuta iliingia Salamabila kwa mlango wa barua za kuomba kazi, si wa hesabu za duka. Mgodi ukasimama 2019, na barua zikapungua.

Halafu tukakimbia. Hapo ndipo tofauti ilionekana. Aliyefika Kasongo bila simu, lakini namba yake imeandikwa kwa jina lake, alionyesha kadi ya mpiga kura, akarudishiwa namba na pesa zake zote. Aliyenunua kadi ya simu kwa jina la mtu mwingine alikosa. Lakini wote wawili walipoteza madeni, kwa sababu simu inashika pesa yako tu. Ile ambayo watu wanakudai au unawadai iko ndani ya kaye, na kaye zilibaki nyumbani. Wadeni wengine walisahau haraka sana.

Tena mtandao wenyewe unakatwa: intaneti ilifungwa nchi nzima tangu 31 Desemba 2018 mpaka Januari 2019.

Kwa hiyo kaye ya chama inabaki, ila mweka hazina anapiga picha kila ukurasa na kuituma kwa mwenzetu aliye Kasongo. Wenye duka wafanye vilevile. Na mwenye namba iliyo kwa jina la mwingine aibadilishe sasa, wakati njia iko wazi.